Ng'ombe Kumi na Mmoja kwa Viti Viwili

Shinyanga, Alhamisi, 8 Desemba 1955. Mvua tangu alfajiri. Nimeamka na hasira ile ile niliyolala nayo.

Nimepoteza ng'ombe kumi na mmoja. Niliwapoteza Jumamosi moja ya mwezi wa Septemba, mbele ya mgahawa wa chai pale Maganzo, huku nikicheka. Hawakufa kwa ugonjwa wala hawakuibwa. Niliwatoa mwenyewe, nikapewa gari la mashindano la Kiingereza, viti viwili, paa la turubai.

Na hawakuwa wangu.

Waliingia zizini kwetu dada yetu alipoolewa. Kwa desturi yetu ni wa mdogo wangu Masanja, ili naye aoe. Marehemu baba aliniachia niwatunze. Sasa Mzee Luhende, baba wa mchumba wake, ametuma mtu: ng'ombe wasipofika Jumapili jioni, Mbuke ataolewa kwingine. Hakutukana, hakufoka. Ametaja siku tu.

Naandika hesabu yangu hapa nisije nikajidanganya siku moja kwamba nilikuwa nimelewa. Mimi ni mnunuzi wa ng'ombe. Nilianza na baiskeli ya kuazima na ngozi mbichi tatu, sikushikwa mkono na mtu. Lori la abiria hunifikisha mnadani saa tano, na ng'ombe wazuri huwa wamekwisha kununuliwa saa tatu. Nikapiga hesabu: nikiwa na gari jepesi lenye mbio nitafika saa moja na nusu, nitachagua maksai watatu wanono kabla ya wenzangu, mara mbili kwa wiki, na kufika Krismasi ng'ombe wa Masanja wamerudi wote na gari limebaki bure. Hata gari bovu la mizigo lilikuwa ghali mara tatu kuliko hili.

Nilihesabu kila kitu isipokuwa mvua.

Mwenye gari alikuwa Kondo, dereva wa lori, Mzaramo wa pwani. Alilinunua kwa Mzungu mmoja fundi mitambo aliyekuwa anarudi kwao. Sasa sisi Wasukuma na Wazaramo ni watani. Kondo akiniona huanza kunitukana kabla ya salamu, nami namrudishia, ndivyo tunavyoishi. Siku ile alipanda juu ya benchi, akapiga kelele watu wote wasikie:

"Jamani, tazameni Msukuma anataka gari! Wewe na harufu yako ya samli, nani kakudanganya? Tangi linavuja, nimeliziba kwa sabuni ya kufulia. Gia zinalia, nimezipa vumbi la mbao zinyamaze. Tumbo linaburura chini kama nyoka aliyemeza mbuzi. Mvua ya kwanza tu utalisukuma mpaka Mwanza! Nunua, nunua, nami nitakuja kukuzika bure."

Watu walishika mbavu. Nami nilicheka mpaka machozi. Nikamjibu kwamba Mzaramo anayeogopa ndama atajuaje gari. Tukashikana mikono, ng'ombe wakahesabiwa.

Yote aliyoyasema yalikuwa kweli. Moja baada ya jingine.

Miezi miwili ya kiangazi gari lilikimbia vizuri, ingawa petroli na matairi vilikula faida yote. Nilifika minadani wa kwanza, wenzangu wakaninunia, na kusema kweli nilifurahi waliponinunia. Kisha mvua zikaanza. Barabara zetu zimechimbwa na malori: magurudumu yamekata mifereji miwili, katikati pamebaki tuta. Lori hupita na tuta chini yake. Gari langu lina inchi tano tu kutoka tumboni hadi chini, nimepima jana kwa rula, nilipaswa kupima Septemba. Jumatatu nikielekea mnadani lilikaa juu ya tuta kama kuku anayeatamia, magurudumu yanazunguka hewani. Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ikapasuka. Nikaona povu jeupe linatoka chini ya tangi. Sabuni haijali petroli. Inajali maji.

Mama mmoja aliyekuwa anapeleka maziwa mnadani alisimama akatazama povu lile, akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, Baba Kabula. Unafua?"

Nilivutwa na maksai wanne wa kulima mpaka mnadani, mbele ya wanunuzi wote. Mmoja aliuliza kama gari nalo linauzwa kwa uzito. Mwingine alilifungua mdomo, yaani boneti, akasema meno yamekwisha.

Fundi Makoye alifungua boksi la gia juzi. Vumbi la mbao limeshikana na oili kama uji wa jana. Halafu spana zake, zote za malori ya Kimarekani, hakuna hata moja inayoingia sawasawa kwenye nati za gari hili. Sampu mpya itoke Uingereza kwa meli, kisha ipande treni. Miezi minne, kama itakuja. Bei yake na ufundi ni ng'ombe watatu. Nimemwambia afunge boneti.

Nitaandika na hili, maana hapa hakuna anayenisikia. Siku ile Maganzo niliinama kutazama chini ya gari, nikanusa sabuni. Nilinusa kabisa. Nikajiambia Kondo ameliosha gari.

Leo nimedandia lori hadi Maganzo. Nimemkuta Kondo pale pale penye chai. Kwa mara ya kwanza nimemwita Bwana Kondo, nikamweleza habari za Masanja na Mzee Luhende. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akageukia watu.

"Mnamsikia? Si nilimwambia? Sabuni nilimwambia, gia nilimwambia, tumbo nilimwambia. Mashahidi ninyi hapa."

"Ulikuwa unatania," nikasema.

"Nani kakwambia?"

"Ulikuwa unacheka, Kondo."

"Mimi hucheka hata kwenye msiba wa Msukuma. Ndiyo kazi yangu!"

Wakacheka tena, wale wale wa Septemba. Nilitafuta uso mmoja usiocheka nikauona: mchungaji anayemtunzia Kondo ng'ombe. Huyo ndiye aliyeniambia pembeni kwamba wanne wameshauzwa kwa wachinjaji, saba bado wapo zizini kwake, wazima. Akanionyesha. Yule mweusi mwenye baka usoni alinitambua, au nilitaka iwe hivyo.

Nikaenda kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji cha pale. Shikamoo, marahaba, nikapewa kigoda, nikaeleza. Akatikisa kichwa kabla sijamaliza.

"Mwanangu, maneno ya watani siyapokei barazani. Mwaka huu huu Kondo huyo alikuja kushtaki, Msukuma mmoja kapita kwake kachukua beberu, kamla, kasema utani. Nikamfukuza Kondo hapa hapa. Utani ni utani. Nitawahukumuje?"

Nilitoka kwake nimeinama. Nilirudi Shinyanga nyuma ya lori, juu ya magunia ya pamba, nimelowa, na maneno yale ya beberu hayakunitoka kichwani.

Masanja alikuwa ananisubiri mlangoni. Hajawahi kunipandishia sauti tangu baba afariki. Leo angenipandishia ningeona afadhali. Ameuliza tu, "Kaka, nimwambie nini Mbuke?" Nimemwambia asimwambie kitu mpaka Jumamosi.

Wanne waliochinjwa nitawalipa mimi. Nina ng'ombe wanne wa maziwa, ni maziwa ya watoto wangu, basi waende. Nimemwambia mama Kabula. Ameendelea kuchambua mchele. Wanne na saba ni kumi na mmoja. Wakianza safari Maganzo Jumamosi mchana, watalala njiani mara moja na Jumapili jioni watakuwa kwa Mzee Luhende.

Barua nimeiandika, kesho asubuhi dereva wa pamba ataifikisha mkononi mwa Kondo. Nainakili hapa neno kwa neno.

"Kondo. Siku ile juu ya benchi ulikuwa unasema kweli au ulikuwa unatania? Ukijibu kweli, basi hayakuwa maneno ya watani, na baraza litatupokea. Utaeleza mbele ya mwanangwa kwa nini mtu mkweli alijaza vumbi la mbao kwenye gia. Ukijibu utani, sawa, mimi ni mtani wako. Nitafungua zizi, nitawachukua wale saba kama alivyochukuliwa yule beberu, nawe hutakuwa na pa kushtaki. Gari njoo ulichukue, lipo kwa Fundi Makoye. Jumamosi saa sita mchana nitakuwa nimesimama mbele ya zizi, na Masanja kando yangu. Usije na watu wa kukuchekea. Njoo na neno moja. Kweli, au utani?"