Kazi Uliyonikataza

Nairobi,
Jumapili, baada ya misa ya kwanza

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Siku naondoka uliniambia nikienda kwa watu wa kampuni nisikuandikie. Nimetii miezi saba, na leo nimechoka kutii. Juu ya bahasha nimeandika jina la Mama, kupitia sanduku la posta la misheni, maana ningeandika lako ungeirudisha bila kuifungua. Kwa hiyo Mama, kama ni wewe unayeisoma, shikamoo na wewe, na tafadhali soma kwa sauti. Usiruke mahali hata Baba akikunja uso.

Goti linaendeleaje? Mama aliniandikia kwamba mvua ziliikata barabara ya kushuka Mkuyuni, mikungu ikaivia njiani hadi ikaharibika, na kwamba wewe na goti hilo bado unapanda kwenye migomba ya juu kama kijana. Nakuomba upumzike. Najua hutapumzika, lakini nakuomba.

Mimi ni mzima. Baridi ya huku inaingia hadi kwenye mifupa, na ndizi zao hazina utamu wa zetu, ila nakula na kulala vizuri. Chumba nakaa na muuguzi mmoja kutoka Tanga, mtu wa swala na usafi, tunaelewana.

Baba, nianze na kosa langu. Mjomba Kobelo alizunguka ofisi za pale Morogoro akinitafutia nafasi ya ukarani serikalini. Alipoipata aliileta barua mwenyewe mpaka nyumbani Matombo, kwa miguu kutoka lori lilipokwama. Nami nikaikataa mbele yake na mbele ya ndugu zake, juu ya ardhi ya ukoo wao ambayo wewe umekaribishwa tu kulima. Maneno yangu siku ile yalikuwa mabaya, na najua aibu yake iliangukia kwako. Kwa maneno yale naomba radhi, kwako na kwake. Kwa kuikataa kazi siombi radhi, na sitaomba.

Ulichokuwa unakiogopa nakijua. Nilikuwa darasa la saba uliporudi kutoka kiwandani na ovaroli yako ndani ya mfuko wa rambo. Walionunua kiwanda walikuwa wamebandika karatasi getini, na jina lako lilikuwemo. Miaka kumi na tisa ya kutengeneza mashine, ukaambiwa kwa karatasi. Tukahamisha vitu kutoka mjini tukapanda mlimani kwa kina Mama, na tangu siku hiyo neno kampuni halikutajwa nyumbani ila kwa hasira. Kwa hiyo niliposema nimepata kazi kwenye kampuni kubwa ya kompyuta, ya wageni, tena Nairobi, wewe ulisikia karatasi ya getini.

Lakini hukuniuliza niliipataje. Leo nakueleza.

Tulifika kwenye usaili kumi na mmoja, wote tumetoka chuo kikuu mwaka huohuo. Mtanzania nilikuwa peke yangu. Wenzangu walimwaga Kiingereza kama maji ya bomba. Mimi Kiingereza changu ninacho, ila hakitoki haraka, na kila nikitafuta neno niliona mmoja anamkonyeza mwenzake. Afisa utumishi, mama mmoja mpole, hakunifikisha hata katikati ya maswali. Alisema Kiswahili changu ni kizuri, wanahitaji mtu wa mapokezi wa kupokea simu za wateja wa Tanzania, na nafasi hiyo naweza kuanza Jumatatu. Nikamwambia nimesomea uhandisi na nimekuja kufanyiwa usaili wa uhandisi. Akanikumbusha kwa upole kwamba nje kuna watu wengi wangeshukuru kupata hiyo ya simu. Nikamjibu basi wapewe wao, mimi niruhusiwe kufanya mtihani kama wenzangu.

Wakaniruhusu. Mtihani wenyewe ulikuwa kompyuta moja mbovu. Inawaka, inafanya kazi kidogo, halafu inazima yenyewe. Tuliingia mmoja mmoja, na mimi nilikuwa wa sita. Bisibisi zilikuwa zimepangwa mezani, na kifuniko kilishafunguliwa na kufungwa mara nyingi hadi skurubu zimelegea. Pembeni alikaa dada mmoja, karani, anafuma sweta.

Nikakumbuka ulivyokuwa ukinifokea nilipokuwa mdogo, nikitaka kufungua redio ya jirani. Ulikuwa unasema usishike chombo cha mtu kabla hujamuuliza mwenye kukitumia. Nikamgeukia yule dada, nikamsalimia, nikamuuliza kama anaifahamu mashine ile. Akaweka sweta chini. Akasema ni yake, ya ofisini kwake, na ugonjwa ulianza walipoisogeza meza karibu na dirisha. Nikauliza waliisogezaje. Akasema waliiburuta.

Sikufungua kitu. Nilifuata waya wa umeme kwa vidole, taratibu, nikafika mahali palipokuwa bapa. Mguu wa meza uliukanyaga wakati wa kuburuta, nyaya za ndani zikakatika nusu. Ukiulaza hivi mashine inawaka, ukiugusa inazima. Nikaomba waya mwingine, na ikawaka, ikakaa. Yule dada alikuwa pale tangu asubuhi, na wenzangu watano hawakuwa wamemsemesha.

Mhandisi wao mkuu, mzee mwenye mvi aliyekuwa akinitazama na wenzake, aliniuliza nani alinifundisha kuanza hivyo. Nikasema baba yangu, fundi mitambo. Hapo mkuu wa kitengo akaingilia, akauliza wewe, Baba, unafanya kazi wapi. Nikasema ulikuwa kiwandani Morogoro, kikauzwa, watu wakapunguzwa. Akatabasamu, akahamia Kiswahili ili nisipotewe na neno hata moja.

"Viwanda vya kwenu viliuawa na uvivu wa wafanyakazi," akasema. "Au nakosea?"

"Unakosea," nikamwambia. "Siku baba yangu anatoka getini, mashine zake zote zilikuwa zinazunguka. Waliokuja baada yake ndio waliozizima."

Yule mkuu akaandika kitu kwenye karatasi yake, nami nikajua kazi imekwenda. Niliondoka nikijiambia afadhali niikose kazi kuliko kuipata kwa kukubali neno lile juu yako.

Barua ya kuniita ilikuja baada ya wiki mbili, na ilikuwa ya uhandisi. Baadaye yule dada karani, ambaye sasa ni rafiki yangu, alinisimulia kwamba nilipotoka yule mkuu alisema huyu ana mdomo, na mzee wa mvi akamjibu kwamba ana masikio pia.

Sikudanganyi kwamba mambo ni laini. Miezi ya kwanza waliniigiza ninavyosema samahani na naomba, wakacheka. Sikuacha kusema. Nilikuwa kwenye majaribio, na kila mtu aliniambia Watanzania hawavuki majaribio. Juzi nimevuka. Napelekwa hospitalini, benki, viwandani, na popote ninapoingia namtafuta kwanza yule anayeitumia mashine. Kama nao wataniandika kwenye karatasi siku moja, wataniandika. Nitaanza upya, maana huku hakuna aliyezaliwa na kazi. Lakini siwezi kuishi nikiogopa karatasi ambayo haijabandikwa.

Nitakuja Krismasi, umeniruhusu au hukuniruhusu. Mama ameniambia kwamba ukishuka Morogoro mjini unazunguka njia ndefu ili usipite mbele ya kiwanda. Miaka yote hii, na goti hilo. Baba, nataka siku moja ya likizo tushuke wote wawili. Tupite barabara ileile, mchana, watu wakituona, na tukifika getini tusiharakishe. Si kwa kuomba kitu. Wewe hukuiba wala hukuharibu, basi huna sababu ya kuzunguka.

Mnisalimie Bibi mzaa mama, mwambieni sweta alilosema nitalihitaji nalivaa kila siku. Shikamoo kwa Mjomba Kobelo, na Mama amsomee yale ya radhi. Mama, kifua chako ukisugue dawa kila jioni. Msalimieni katekista aliyenifundisha kipaimara na, mkishuka mjini, yule jirani yetu wa zamani mwenye redio, kama bado inasema.

Baba, ukitaka kunijibu kwa hasira, nijibu kwa hasira. Lakini nijibu.

Ni mimi binti yako,
Skolastika, fundi mtoto wa fundi