Ukurasa wa Kiingereza Uliofungia Chumvi

Sakina mwanangu,

Kwanza usishtuke, hakuna aliyekufa. Najua huko Kabambare barua ikifika kwa mkono wa dereva wa moto, hizo pikipiki, imelowa na kukunjamana, wanawake huanza kujifunga vitenge vya kilio kabla haijafunguliwa. Niko mzima. Meno yangu matatu yako salama na yanakusalimu.

Barua hii nimeiandika mara mbili. Moja ni yako. Ya pili nimempa yule msichana wa redio yetu hapa Kasongo aisome siku ya Ijumaa, baada ya matangazo ya mbuzi waliopotea. Utaniuliza, papa, mambo ya nyumbani unayapeleka redioni kwa nini? Soma kwanza. Nilisema uongo katikati ya soko, watu wakicheka. Siwezi kuusahihisha kwa kunong'ona.

Ni habari ya kaye yako ya Kiingereza, lile daftari lako.

Unaikumbuka kuliko mimi. Kaye nene, jalada la buluu, umeivalisha plastiki kama bibi harusi. Shule nzima ilikuwa na kitabu kimoja tu cha Kiingereza, nacho ni cha mwalimu. Yeye anaandika ubaoni, ninyi mnanakili. Miaka miwili ulinakili. Jioni unakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, kaye juu ya magoti, midomo inacheza peke yake. Nami napita, nakuchokoza: "Sakina, leo Waingereza wanasema nini?" Unanijibu bila kuinua kichwa: "Wanasema papa aniache nisome."

Siku moja ulinifundisha. Ulikuwa umefika kwenye kile kipande kilichokutesa, cha hali za vitenzi. Sisi tuliotoroka shule mwaka wa nne tulizisikia kwa Kifaransa, na nilichobaki nacho ni kumbukumbu ya fimbo tu. Ukaniambia kwa Kiingereza hali hiyo wanaiita mood, neno lilelile la mtu aliyeamka vizuri au aliyeamka amenuna. Nilicheka mpaka nikakohoa. "Kwa hiyo kitenzi kinanuna? Kinadai chai?" Hukucheka. Ulisema, "Papa, haiko kitenzi. Ni moyo wa mutu anayesema. Anasema kitu vile kiko, ao anaamuru, ao anatamani tu kitu ambacho hakiko." Nikakujibu kwamba sisi tunafanya yote hayo bila kununua kaye: analala, lala, angelala. Ukaniangalia kama ndiyo mara ya kwanza unaniona. "Njo vile, papa! Ungesoma, ungekuwa mwalimu."

Nilitembea nimetanua kifua wiki nzima. Muuza chumvi amesifiwa na binti yake. Mama yako alikuwa ameshatuacha wakati ule, na hapakuwa na mtu mwingine wa kunisifu.

Sasa nifike penyewe.

Mtihani wa serikali ulikuwa umebakiza siku sita. Siku ya soko kubwa, meza yangu imejaa watu, chumvi ipo, karanga zipo, karatasi za kufungia zimekwisha. Nikamwachia jirani meza, nikakimbia nyumbani. Wewe ulikuwa umekwenda kuteka maji. Kaye yako ilikuwa juu ya kinu.

Ningependa kukuambia kwamba sikuitambua. Kwa miaka tisa nimejaribu kujishawishi hivyo, mwishowe nikachoka. Niliitambua, Sakina. Niliona buluu, niliona mwandiko wako unaolala upande mmoja kama mtu anayetembea kwenye upepo. Nikajiambia, mtoto ameshayameza yote, alisema mwenyewe. Nikajiambia nichukue za katikati tu, kwa sababu kaye ikikosa katikati haionekani kwa nje. Ona hapo: mtu asiyejua anachofanya hafikirii hivyo. Nilifungua zile pini kwa ncha ya kisu, nikachomoa kurasa, nikazikunja pini tena vizuri. Hata mwizi wa kuku hana adabu ya namna hiyo.

Na ukurasa wa kwanza kabisa nilimfungia dada yangu Zaina, shangazi yako, aliyekuja kuchukua chumvi.

Uliliona pengo jioni ileile. Kesho yake ulikuja sokoni mbio, kitambaa kimeanguka kichwani, ukipita meza kwa meza kuangalia karatasi za watu. Zaina alikuwa ameketi hatua tano kutoka kwangu, na beseni lake la vitumbua. Vitumbua vile alivipanga juu ya karatasi, na karatasi ile ilikuwa na mwandiko unaolala.

"Shangazi, hii ulitoa wapi?"

Zaina alifungua kinywa. Hajui kusoma, lakini anajua chumvi alinunua wapi. Akaniangalia. Na mimi, kabla hajatoa neno, nikasimama nikapiga makofi: "Jamani, muone! Vitumbua vya Zaina vimeingia shule! Tangu leo vinasema Kiingereza!"

Unanijua. Watu wa soko lile huanza kucheka kabla sijamaliza. Walicheka mpaka wauza samaki wa Nyangwe wakaja kuuliza kuna nini. Zaina aliniangalia kidogo tu zaidi, kama alivyoniangalia tulipokuwa wadogo na mimi nimevunja chungu cha mama. Kisha akafunga kinywa. Alipokifungua tena alisema, "Unisamehe, mutoto. Sikujua ni yako."

Wewe ukasema, "Haujue kitu! Haukusoma, na hautaki wengine wasome!" Ukapiga teke beseni. Vitumbua vikaviringika kwenye vumbi.

Na mimi nilifanya nini? Niliokota kimoja, nikakipuliza, nikakila. Watu wakacheka tena.

Mwanangu, katika maisha yangu nimefanya mambo mengine ya aibu, na baadhi yake nayasimulia kwa furaha. Lakini kile kitumbua bado kiko hapa kooni.

Mtihani ulikuangusha. Ukarudia mwaka mzima, ukanakili upya kaye nzima kutoka mwanzo, bila kusema neno. Ukafaulu, ukaenda Kabambare, ukawa mwalimu. Huko wanakuita Madame. Mimi huku nawaambia watu, huyo Madame nilimfulia nepi. Nawaambia hilo. Lile lingine siwaambii.

Zaina naye alipata jina. Mama Inglishi. Watoto wakipita mbele ya beseni lake wanapiga kelele, "Mama Inglishi, good morning!" Yeye anawapa kitumbua kilichoungua. Jina lile nililitengeneza mimi, na hakuna aliyelitumia kunishinda. Kila Idi unapokuja, unasalimia mtaa mzima, mpaka yule mzee kiziwi asiyejua wewe ni nani. Mlango wa shangazi yako hupiti. Unazunguka kwa njia ya nyuma, kwenye matope, na viatu vyako vizuri. Nami naona, nakaa kimya, natafuna karanga.

Sasa sikiliza kilichonifanya nichukue kalamu.

Macho ya Zaina yameingia ukungu. Anaona mwanga na vivuli, basi. Vitumbua ameacha, mafuta ya moto hayataki kipofu. Mwezi uliopita nilimpelekea chumvi, siku hizi tunafunga kwa vifuko vya plastiki, nikaketi kwenye mkeka wake baada ya sala ya alasiri. Akaniambia, "Yaya, kaka yangu, weye ulisoma kidogo. Unisomee kitu."

Akaingiza mkono chini ya godoro akatoa mfuko, ndani ya mfuko kitambaa, ndani ya kitambaa karatasi. Imekuwa ya rangi ya chai, ina duara za mafuta kama ramani ya visiwa. Mwandiko unaolala.

"Hii uliweka?"

"Niliokota. Yeye aliiacha kwa sababu ya mafuta. Inasema nini?"

"Inasema mambo ya vitenzi."

"Vitenzi vilifanya nini?"

"Havikufanya kitu, Zaina. Ni namna ya kusema."

"Basi soma. Miaka tisa nakaa juu ya kitu, sijui ni kitu gani."

Nikasoma. Kiingereza changu ungekisikia ungenirudisha kalasi ya kwanza. Lakini chini ya kila mstari ulikuwa umeandika Kiswahili kwa herufi ndogo, na hapo ndipo niliposhika kamba. Nikamwambia, hali ya kwanza ni ya kueleza kitu kilivyo. Hapa mutoto ameandika mfano: mwanamke anauza mikate.

"Huyo ni mimi," akasema.

Hali ya pili ni ya kuamuru. Funga mlango. Leta maji.

"Huyo ni weye."

Hali ya tatu, nikamwambia, ndiyo iliyomtesa mutoto. Ni pale mtu anaposema kitu ambacho hakiko, na anajua hakiko, lakini moyo wake unakishika. Hapo Waingereza wanabadilisha kitenzi, wanakivisha nguo ya jana ingawa wanasema ya leo, ili usikilizaye ujue kwamba hii si habari, ni hamu. Na mfano wake? Nikausoma kwanza kwa Kiingereza, "I wish she were here," kisha Kiswahili chako: natamani angekuwa hapa.

Kuku aliingia, akatoka.

"Soma tena ile."

Nikasoma tena.

"Waingereza nao wako na hiyo?"

"Wako nayo."

"Basi ni watu," akasema.

Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni. Ninao siku zote. Ulikataa kutoka. Badala yake nikajisikia nauliza, "Zaina, siku ile kwa nini hukusema? Ulijua ni mimi."

"Nilijua."

"Ungesema neno moja tu."

Akaikunja karatasi kwanza, polepole, kwa vidole, akifuata mikunjo yake ya zamani. "Mama yake alikuwa amekufa, Yaya. Mutoto amebaki na muzazi mumoja. Nimuonyeshe huyo mumoja iko mwizi? Mutoto anaweza kukosa shangazi, ataishi. Nikafunga kinywa."

"Na sasa?"

"Sasa amekuwa mukubwa. Atabeba."

Nilitoka pale sijaaga. Nilipita sokoni, mtu akanirushia utani, sikuudaka. Walidhani naumwa. Nimekuwa mtu wa kuchekesha tangu nina meno ya utoto, na nilidhani kicheko hakimgharimu mtu. Kumbe kuna mtu alikuwa akikigharamia hatua tano kutoka mezani kwangu, miaka tisa, akiitwa jina nililompa mimi, bila kunifungia mlango wake hata siku moja. Akinipikia. Akiniita Yaya.

Mimi ndiye niliyechana kaye yako, Sakina. Si yeye. Hakugusa hata karatasi moja isipokuwa ile niliyompa mimi mwenyewe, na akaitunza kuliko nilivyokutunza wewe. Wanaosikiliza redio wasikie: jina la Mama Inglishi life leo. Mwenye kulitamka tena aje kwanza mezani kwangu aniite mwizi wa makaye.

Sikuombi unisamehe. Hilo lako, na huna haraka. Ninachokuomba ni kingine. Nilitaka kutia ule ukurasa ndani ya bahasha hii. Zaina alikataa, ameukalia. "Ni wa mutoto," anasema, "nilimutunzia. Akuje achukue mwenyewe." Nikamwambia barabara ya Kabambare imeoza, madaraja ni magogo mawili na dua. Akasema, "Aje kabla haya macho hayajafunga kabisa. Nataka kuona kama amenenepa." Wewe mwalimu utajua hiyo ni hali ya ngapi. Mimi nimesikia tu kwamba anakuita.

Kwa hiyo njoo. Mwambie dereva asikimbie kwenye mteremko. Ukifika Kasongo usije kwangu kwanza. Mimi nitakuwa kwenye meza yangu, pale pale. Ukitaka kunisemesha nitasikiliza. Ukitaka kupiga teke chumvi yangu, piga, na watu waone. Sitamchekesha mtu, na sitaokota hata punje.

Pita mlango wa mbele wa shangazi yako. Ukiingia, usihangaike kutaja jina. Kila Idi ulipokuwa unazunguka kwa njia ya nyuma, Zaina alikuwa ameketi ndani, nami mlangoni kwake, na akisikia hatua zako alikuwa akiinua kichwa na kuniambia, "Mutoto amepita."

Ubaki salama, na njiani ufunike kichwa, jua ni kali.

Ni mimi baba yako, muuza chumvi.