Lachavva, Uliyewaita Watoto Watoke Kwenye Pamba

Mwaka umekatika, mama, tangu tulipokubeba kutoka kwenye tuta la shamba la Komuraiah, na mpaka leo hatuwezi kupita njia ile bila kugeuza shingo.

Kijiji kizima kilikujua kwa sauti yako. Jua halijapanda vizuri, wewe umeshafika shambani, sari umeikunja mpaka magotini, unaita mmoja mmoja: "Lavanya! Pochamma! Tokeni, mwalimu anawangoja!" Vichwa vidogo vikachomoza katikati ya pamba. Wengine walicheka, wengine walijificha. Hukuondoka mpaka wa mwisho atoke.

Wenye mashamba walikuchukia, tusidanganyane. Pamba ya mbegu inataka vidole vidogo: jioni kulichambua ua changa na kuling'oa vumbi lake lote la manjano, yaani chavua, asubuhi kulipaka vumbi la ua la aina nyingine ili lizae mbegu. Tena wanawataka wasichana ambao hawajavunja ungo, eti mwenye hedhi akiligusa ua, mbegu inaharibika. Komuraiah alikuwa akikuchokoza mbele za watu: "Lachavva, una wivu tu! Vidole vyako vimezeeka!"

"Vilizeekea kwa baba yako, nikiwa na miaka minane," ukamjibu. "Siku nilipovunja ungo mkanifukuza kama mbwa. Hebu nipe huyo mtoto, usinichoshe."

Watu walicheka mpaka yeye mwenyewe akacheka.

Ulipenda chai yenye tangawizi ya kuwasha koo. Kila asubuhi ulimsuka mjukuu wako Mounika huku ukimuuliza saba mara nane, na akikosea ulimvuta msuko kidogo tu. Alikuwa akikosea makusudi.

Kisha mapafu yako yakaugua. Gari lililokupeleka hospitali kila wiki lilikuwa la Komuraiah, na hakudai kitu. Siku moja tu alimwambia binti yako Swarupa, kwa upole kabisa: "Dada, mimi nakusaidia mgonjwa. Na wewe nisaidie maua, yanachanua na mikono sina. Huyo Mounika ana vidole vya bibi yake."

Swarupa alisema ni msimu mmoja tu. Mumewe Rajesham akakubali. Mounika tukamfundisha uongo. Kila jioni ulipomuuliza, "Leo mmesoma nini, mama?" alikujibu, "Hesabu, bibi," mikono akiwa ameificha mgongoni.

Ikafika Bathukamma, sikukuu ya maua. Jimbo letu zima la Telangana lilikuwa likiimba, wanawake wanapanga maua kwenye sinia. Mounika alikaa sakafuni karibu na kitanda chako akapanga ya kwetu. Kila ua aliloshika alilichuna kwa ukucha wa kidole gumba, akalipekecha, akabakiza kijiti kitupu, kisha akaliweka kwenye sinia kama kawaida. Hakujua anafanya nini. Swarupa alipoingia na maji, sinia lilikuwa limejaa vijiti, na wewe ulikuwa umejiinua kwenye mto unatazama.

"Shamba la nani?" ukauliza.

"Bibi, mimi nilikuwa shule..."

"Najua ulikokuwa. Nimekuuliza, shamba la nani?"

"La mjomba Komuraiah."

Hukumgombeza mtu. Ukageukia ukutani.

Na asubuhi yake, mama, Swarupa alimtuma tena. Alijisemea leo amalizie tu, maana ua lililochambuliwa jioni lisipopakwa asubuhi linakufa. Maua tuliyaonea huruma! Tuliporudi chumbani kitanda kilikuwa kitupu. Tulikukuta kwenye tuta, umeng'ang'ania nguzo ya uzio, homa inakutetemesha, unaita jina moja tu. Uliita mpaka akatoka, vidole vya manjano. Ulianguka akiwa ameshika upindo wa sari yako, hukuinuka tena.

Ungetutukana, tungepata usingizi. Kila alfajiri Swarupa anaamka anasema kuna mtu anaita kwenye pamba. Rajesham humwambia ni ndege. Humwambia hivyo naye ameshakaa kitako, macho yamemtoka.

Mounika amerudi shule. Msimu huu Swarupa alikwenda kwenye tuta kuita watoto kwa majina, kama ulivyokuwa ukifanya. Mwanamke mmoja akamjibu kutoka ndani ya pamba: "Nani? Wewe? Si ulimtuma wako, bibi yake yuko kitandani anakufa?" Swarupa alirudi nyumbani akilia. Kesho yake akaenda tena. Kati ya wasichana kumi na mmoja wametoka wawili.

Unakumbukwa na binti yako Swarupa, mkweo Rajesham, dada yako Rajavva na watoto wake wote. Na mjukuu wako Mounika, darasa la sita, ambaye bado hajatusamehe na ametuomba tuandike hivyo.

Hatutakusahau, mama, hata siku zile ambazo tungetamani kusahau.