Mzee Thobias Kabura, Aliyefunga Kanisa Siku ya Harusi ya Mwanawe

Mwaka umetimia, Baba, tangu Alhamisi ile ya tarehe 13 Juni ulipotutoka hospitalini hapa Kigoma, Mama akiwa amekushika mkono. Bado tukiamka tunatega sikio kama utapita uani ukisalimia kwa Kiha, "Mwakeye", kwenye kila dirisha, hata la wapangaji.

Ulipostaafu useremala bandarini tulidhani utapumzika. Kumbe Mchungaji Yona alikuwa ameshakuomba uwe mtunza majengo wa kanisa letu la Gungu, na kazi hiyo ukaifanya miaka kumi na minne. Kiangazi ulifyeka nyasi kulizunguka kanisa, upana wa hatua kumi, ili moto wa mlimani usifike. Septemba ulipanda paani kugongelea misumari kabla ya mvua, ukahakikisha waya wa kuzuia radi bado umeshika ardhini. Pasaka uliweka ndoo za mchanga karibu na mishumaa. Krismasi hakuna taa ya pambo iliyowashwa kabla hujaikagua. Waliokutania walisema unamlinda Mungu. Uliwajibu kwamba Mungu ana nguvu zake, wewe unawalinda watu.

Mwaka 2023 mvua zilizidi, ukaona ufa nyuma ya madhabahu. Ulibandika juu yake kipande chembamba cha kioo kwa saruji, ukatueleza kwamba ukuta ukisogea hata kidogo, kioo kitapasuka. Kilipasuka Ijumaa, tarehe 28 Aprili. Kesho yake Wema, kitindamimba wako, alikuwa anaolewa na Erasto katika kanisa hilo hilo.

Ulimwita rafiki yako Hamdani, fundi mwashi wa Ujiji. Aliweka kiganja ukutani, kisha akasema yeye asingelaza humo hata mbuzi. Ukaenda moja kwa moja kwa Mchungaji. Wazee wa kanisa walitaka msubiri mpaka Jumatatu. Wakwe walinong'ona kwamba hutaki binti yako aolewe. Hata sisi tulikuwa upande wao. Eliakimu, mkubwa wetu, alikubembeleza kwamba ibada ni ya saa mbili tu.

Ulimtazama, ukasema, "Ukuta haujui kwamba ni harusi."

Mchungaji akakubali. Ukafunga milango kwa mnyororo, ukazungushia kamba nyuma ya jengo ili mtu asipite. Wema alifunga ndoa chini ya turubai kwenye uwanja wa shule, gauni limelowa tope mpaka magotini. Ulimsindikiza mpaka kwa bwana harusi, lakini hakukutazama. Na siku zilizofuata hakupokea simu zako.

Jumatano, saa tatu asubuhi, mvua ikinyesha, tulisikia mshindo uliotikisa vyombo kabatini. Tukakimbia. Ukuta wote wa nyuma ulikuwa umeangukia ndani na kuvuta paa. Pale ambapo maharusi wangepiga magoti, rundo la matofali lilitufika kifuani. Mabenchi ya kwaya hayakuonekana kabisa.

Watu wa Gungu walijaa, wakasimama mvuani. Mchungaji Yona alivua kofia. Wewe ulizunguka ukiuliza kama kuna mtu aliyevuka kamba. Hakukuwa na mtu. Hata mkwaruzo haukumpata yeyote. Sisi tuliokuzoea ukila ugali nasi na kujikuna mgongo kwa rula, siku ile tulikutazama kwa hofu ya heshima, kama watu wanaokuona mara ya kwanza. Wema alifika na mumewe, akaona yale matofali, akakaa chini palepale kwenye tope.

Hakukuambia kitu siku hiyo. Aibu ilimfunga mdomo zaidi ya mwaka. Uliona kanisa jipya likifika usawa wa madirisha, kisha moyo ukaanza kukusumbua. Wiki yako ya mwisho Wema alikuja hospitalini na mtoto wake, Happiness, wa miezi mitatu. Alimlaza kifuani pako, akakiri kwamba siku ile ya harusi alikuchukia, na kwamba hajui aombeje msamaha.

Ulikuwa unapumua kwa taabu, lakini kila aliyekuwapo alikusikia.

"Zile siku nne ulizoninunia, kila asubuhi nilimshukuru Mungu. Aliyekufa hanuni, mwanangu."

Unakumbukwa na mkeo Rozalia, wanao Eliakimu, Recho na Wema, mkweo Erasto, wajukuu zako wote, rafiki yako Hamdani, Mchungaji Yona na waumini wa Gungu, ambao wengi wao walialikwa katika harusi ile.

Tunaishi, Baba. Na kila siku tunayoishi, tutakukumbuka.