Rangi ya Chumba cha Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Fundi rangi kapaka viraka viwili ukutani, kaondoka. Kimoja nyeupe ya maziwa, kingine krimu. Mimi naona kitu kimoja! Mume wangu kasimama mbele ya ukuta hadi chai ikapoa. Eti ya maziwa ni "baridi". Rangi, baridi! Mama yake anatoka hospitali Jumamosi. Nikamwambia chagua yoyote, chumba kipate kukauka. Kasema tusiharakishe.

Jumatano, 5 Machi
Jana maziwa. Leo asubuhi krimu. Mchana kampigia fundi — asubiri kwanza. Fundi naye kanigeukia mimi: dada, mwenzio ananizungusha, nina kazi kwingine. Ana haki. Nimembembeleza huku damu inanichemka. Mwanamume huyuhuyu alinunua gari bila hata kulizunguka!

Alhamisi, 6 Machi
Maziwa. Hapana — krimu. Nimechoka.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwita fundi mwenyewe. Krimu, basi! Ndoo imefunguliwa tu, mume wangu huyo, katoroka kazini, anahema.
"Usipake! Mama hapendi krimu."
Tangu lini? Akafunika ndoo. Kisha akasema: "Si atakaa wiki chache tu? Akirudi kwake kitakuwa cha wageni. Tutafute rangi ya wageni."
Daktari alituambia sote wawili: mama hawezi tena kuishi peke yake. Yeye ndiye aliyekuwa anaitikia kwa kichwa!
"Harudi kwake, mume wangu," nikasema. Polepole.
Akakaa juu ya ndoo, na suruali yake ya ofisini. Fundi akajitia kutafuta kitu kwenye mfuko wake wa vifaa. Hasira zikaniisha — zikarudi nilipoona fundi anafunga virago. Kesho hana nafasi; ndoo zote mbili na brashi kaziacha.

Jumamosi, 8 Machi
Wifi kamleta mama asubuhi, mapema kuliko tulivyopanga. Ukuta bado na viraka! Tumemweka kitini, mlangoni pa chumba. Kakonda. Macho yaleyale, hayakosi kitu.
"Chumba cha nani hiki?"
Mume wangu kanitazama. Mimi nikatazama dirisha. Safari hii simsaidii.
"Chako, mama."
"Changu. Na kule kwangu, nani kabaki?"
Mume wangu kainama, kafungua ndoo iliyo karibu, hata hakuangalia ni ipi, kachovya brashi. Anapaka. Mama hajaondoa macho mgongoni mwake. Ameuliza tena nani kabaki kule, na mwanawe bado anapaka.