Uongo Wangu wa Bandarini

Alhamisi. Jua limewaka tangu asubuhi, ila upepo wa ziwani umetuhurumia. Nimeloweka miguu kwenye beseni hapa nyumbani Migosi, na mama mkwe amelala chumba cha pili, anakoroma kama mtu aliyelima shamba zima peke yake.

Nataka kuandika kabla sijaanza kujitetea.

Leo tumeizunguka Kisumu kwa miguu, mimi na yeye. Anaishi Bondo. Kwa miaka mingi ugonjwa wa mtoto wa jicho ulimfunika macho yote mawili, hadi akawa anatujua kwa sauti tu. Mwezi uliopita alipasuliwa jicho la kulia, na leo nilimpeleka kliniki likaangaliwe. Daktari akasema limepona vizuri. Tukatoka, nikasimamisha tuktuk.

Mama akakataa kupanda.

"Kila siku naletwa hapa kama gunia," akasema. "Leo nataka kuona hii town na miguu yangu."

Mimi ni Mluhya na Kidholuo changu ni cha sokoni, kwa hiyo tangu niolewe tunazungumza Kiswahili, kila mtu na chake.

Nimeishi mji huu miaka kumi na minne na nilidhani naujua. Leo nimeonyeshwa. Mama alisimama mbele ya hekalu la Wahindu akahesabu nakshi za ukutani kwa kidole, mpaka mlinzi akaanza kuhesabu naye. Alisoma kila kibao kwa sauti: kinyozi, duka la dawa, mawakili, viatu vya mitumba. Sokoni Jubilee aliinama juu ya karai la omena akasema hakukumbuka kwamba samaki mdogo hivyo ana macho. Makorongo walikuwa juu ya miti, wakubwa, vipara, wametulia kama wazee wa kanisa. Mimi huwapita nikiogopa wasininyee. Yeye aliwapungia mkono.

Halafu akanigeukia, akanitazama kwa muda.

"Kumbe uko na mvi, nyathina."

Nyathina ni mtoto wangu. Ndivyo anavyoniita tangu siku ya kwanza.

Nilikuwa na furaha sana. Kisha akasema, "Sasa twende bandari. Pale ulinipeleka."

Nikapunguza mwendo.

Marehemu baba mkwe alikuwa kuli bandarini. Alikuwa akirudi Bondo mwisho wa mwezi, na kila mara alimwahidi mkewe kwamba siku moja atamleta aone meli. Akafa hajamleta. Miaka miwili iliyopita, tukitoka kliniki hiyo hiyo, Mama aliniomba nimpeleke asimame tu pale mumewe alipofanyia kazi. Mawingu yalikuwa yamekusanyika, na wateja walikuwa wakinisubiri kwenye kibanda changu cha ushonaji. Karibu nasi, ufukweni, palikuwa na mahali pa kuoshea magari. Nikampeleka hapo.

"Tumefika, Mama," nikamwambia. "Meli iko mbele yako. Kubwa, nyeupe." Nikamwekea hata bendera.

Alivua viatu, akasimama kwenye matope ya sabuni, akamwombea mumewe kwa Kidholuo hadi machozi yakamtoka. Mimi nilikuwa naangalia simu.

Sijawahi kumwambia mtu. Hata mume wangu hajui.

Leo tuliteremka kuelekea ziwani, naye akiwa amenitangulia, anashangaa. Ningeweza kunyamaza. Ningempeleka bandarini moja kwa moja, naye asingejua kamwe kwamba si pale pale. Nilitembea na wazo hilo mitaa miwili mizima. Lakini kila alipoona kitu kipya alinigeukia na ule uso, na nikashindwa. Karibu na mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi, nikamshika mkono, nikamwambia yote.

Alisimama palepale. Mama wa mahindi naye akaacha kupepea jiko.

"Kwa hiyo mimi niliombea Mzee mahali ya kuosha gari."

"Ndiyo, Mama."

"Na ile meli nyeupe?"

"Hakukuwa na meli."

"Na bendera?"

"Hakukuwa."

Akautoa mkono wake kwenye wangu. Hakunipigia kelele, na heri angenipigia. Akaanza kutembea mbele yangu, peke yake, akikwepa mashimo na bodaboda vizuri kabisa. Nilimfuata kwa nyuma nikilia, na katikati ya kulia nikagundua kwamba ninamstaajabia. Mwaka jana asingeweza kuvuka uwanja wake mwenyewe bila fimbo.

Kwenye geti la bandari askari akatuzuia. "Mama, hapa si mahali pa kutembea."

"Mume yangu alibeba mzigo hapa mpaka mgongo ikapinda," Mama akamjibu. "Mimi sitaki kuingia. Nataka kuona tu."

Askari alimtazama, akamtazama tena, akasogea pembeni ili asimzibe.

Kulikuwa na meli. Haikuwa nyeupe. Ilikuwa na kutu ubavuni na kamba nene kama paja, na nyuma yake ziwa lilikuwa limejaa magugu maji hadi mbali. Nikafungua mdomo nimweleze hii ni nini na ile ni nini.

"Usiniambie kitu," akasema. "Nitaona mwenyewe."

Akaona. Sijui alisimama muda gani. Hakuomba, hakulia. Alitazama gati, kamba, korongo za chuma za kunyanyulia mizigo, wanaume waliobeba magunia kichwani. Mwishowe akaonyesha yale magugu ambayo sisi wa hapa tunayalaani kila siku.

"Hii takataka yenu iko na maua," akasema. "Ya zambarau. Mzee hakuniambia."

Ni kweli. Yana maua, na ni mazuri mno. Miaka kumi na minne, na mimi nayaona leo.

Tukarudi polepole. Hakunishika mkono, lakini aliponiona nimebaki nyuma alisimama kunisubiri.

Jioni, tukila, alisema jicho la kushoto litapasuliwa mwezi ujao, na hataki mume wangu ampeleke. Anataka mimi.

Sijui kama huo ni msamaha. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.