Matunda ya Kileleni

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na hapo Marui mvua zimeshuka, au bado mnatazama mawingu tu? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Korea haina adabu. Navaa soksi jozi mbili na bado miguu inalalamika.

Mji wetu huu ni mdogo, Maili Moja inauzidi makelele. Ukitoka kidogo tu ni vijiji, na vijijini wamebaki wazee watupu, watoto wao wamekimbilia miji mikubwa. Mimi nafanya kazi shambani na nalala kwa bibi mmoja mjane aliyenipa chumba cha mwanawe. Bila hicho ningelala kwenye banda la plastiki huko shambani, na baridi hii ingenimaliza.

Sasa si nikamuudhi! Uani ana mti wa matunda yanayoitwa gam, rangi ya chungwa, umbo la nyanya. Akaniomba nimchumie. Unanijua mwanao kwenye miti: niliupanda kama ule mkorosho wa babu, nikauacha mtupu, nikashuka najisifu. Bibi akatazama juu, akaingia ndani. Jioni aliniwekea chakula, lakini hakukaa nami.

Jirani yake ndiye aliyenieleza. "Ya kileleni hatuchumi, ni ya ndege. Theluji ikianguka watakula nini?"

Nikajua chumba sina tena. Kulipokucha nikachukua uzi na matunda matano, nikapanda, nikayafunga moja moja kileleni, vidole vimekufa ganzi. Mara nasikia kicheko. Bibi yuko chini, kajishika kiuno, anacheka mpaka machozi.

"Shuka, mwanangu, utaanguka!"

Hakuwahi kuniita hivyo kabla. Tukanywa supu pamoja, kisha akanitandikia blanketi zito la mwanawe. Mama, nilifurahi mno, nikakukumbuka.

Nisalimie dada Zuhura na chapati zake, mjomba Seif fundi baiskeli wa Visiga, na shangazi Mwanaidi anayekukanda goti.

Halafu, ule mchungwa wa nyuma ya jiko, safari hii msiumalize. Niachieni mawili kileleni. Najua ndege watayala kabla mkataba wangu haujaisha. Yaacheni tu, nijue huko nyumbani nimebakiziwa.

Mwanao anayerudi,
Hamisi